Nafasi Isiyojirudisha: Kwota za Diski katika Klasta ya Pamoja

Klasta ni kundi la kompyuta nyingi zilizounganishwa kwa mtandao wa kasi ili zifanye kazi kama mtambo mmoja. Kila kompyuta katika kundi hilo huitwa nodi. Nodi ina prosesa zake na kumbukumbu yake, lakini faili za watumiaji kwa kawaida hazikai ndani yake. Hukaa katika hifadhi moja kubwa ambayo nodi zote huiona kwa wakati mmoja, hivyo kazi inayoendeshwa kwenye nodi ya kwanza na ile iliyo kwenye nodi ya mia mbili husoma na kuandika mahali pamoja. Ushirika huo ndio faida ya klasta. Ndio pia unaozaa swali la uchambuzi huu: nafasi ya wote igawanywe kwa kanuni gani, na kanuni hizo hutekelezwaje ndani ya mashine?

Mfano wetu utakuwa Perlmutter, kompyuta kuu iliyozinduliwa mwaka 2021 katika kituo cha NERSC, mjini Berkeley, California. Kituo hicho hugharimiwa na Wizara ya Nishati ya Marekani, na mtambo wenyewe umepewa jina la Saul Perlmutter, mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2011. Tumeuchagua kwa sababu sera zake za hifadhi zimeandikwa wazi, na hesabu zake zinaonyesha tatizo kwa ukubwa wake wote. Mantiki ni ileile hata kwa klasta ndogo zaidi, kama ile inayotumiwa na watafiti wa jenomu katika Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, jijini Nairobi.

Tuanze na hifadhi isiyo na kikomo chochote. Programu ya mtumiaji mmoja ina kasoro ndogo, na usiku kucha inaandika ujumbe uleule wa hitilafu katika faili moja. Hakuna kinachoizuia mpaka diski ijae. Diski ikishajaa, haibagui aliyeijaza na asiyeijaza: kila kazi inayojaribu kuandika, iwe ya nani, hujibiwa kwamba nafasi imekwisha. Hesabu ya hali ya hewa iliyokuwa katika siku yake ya nne hufa pamoja na zoezi la mwanafunzi lililoanza dakika tano zilizopita. Na madhara hayasubiri diski ijae kabisa. Kadiri nafasi tupu inavyopungua, mfumo wa faili hulazimika kutafuta vipande vidogo vidogo vilivyotawanyika, na kasi ya kuandika hushuka kwa watumiaji wote.

Kwota, basi, ni kikomo anachokiweka msimamizi wa mfumo juu ya kiasi cha hifadhi ambacho mtumiaji mmoja, kundi au mradi unaweza kukalia. Kazi yake ya kwanza ni kuhakikisha kwamba kosa la mtu linaishia kwake. Yule mwenye programu yenye kasoro atakatiziwa yeye, na wenzake wataendelea. Haya ni manufaa yasiyo na ubishi, na laiti kwota ingekuwa na kazi hiyo peke yake, uchambuzi ungeishia hapa. Lakini kwota hutumika pia kugawa nafasi, na hapo ndipo mambo yanapohitaji kufuatwa hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kujua kinachohesabiwa. Diski haigawiwi baiti mojamoja. Hugawiwa kwa vipande vya ukubwa maalumu viitwavyo bloku, na ukubwa uliozoeleka ni baiti 4,096. Pamoja na bloku zake, kila faili ina inodi, yaani rekodi ndogo inayotaja mwenye faili, kundi lake, ruhusa zake, nyakati za kusomwa na kubadilishwa, na mahali bloku zake zilipo. Kwota kamili huwa na hesabu mbili zinazokwenda sambamba: moja ya bloku, ambayo ni ukubwa wa data, na nyingine ya inodi, ambayo ni idadi ya faili.

Kwa nini hesabu mbili? Chukua faili milioni moja zenye baiti 100 kila moja. Maandishi yaliyomo hayazidi megabaiti 100. Lakini katika mfumo wa kawaida kila faili hushika angalau bloku moja, kwa hiyo diski inatoa takriban gigabaiti 4.1, zaidi ya mara arobaini ya data yenyewe. Juu ya hapo zipo inodi milioni moja za kutunza na kutafuta. Katika mfumo wa Lustre, unaotumika katika kompyuta kuu nyingi ikiwamo Perlmutter, taarifa hizo za faili hushughulikiwa na seva za pekee, tofauti na seva zinazobeba data. Mtumiaji anayefungua na kufunga faili ndogo mamilioni huzichosha seva hizo hata kama data yake ni kidogo, na kila anayetaka kufungua faili yake husubiri.

Hapa ndipo watumiaji wengi wapya hukwama. Mtu anasakinisha mazingira ya Python kwa Conda, programu ya kusimamia vifurushi, kisha mengine mawili kwa ajili ya miradi mingine. Kila moja linaweza kuleta makumi ya maelfu ya faili. Anapokataliwa kuandika, anatazama ukubwa wa data yake na kuona hajafika hata nusu ya kikomo, akadhani mfumo umekosea. Mfumo haukukosea: kilichojaa ni hesabu ya inodi. Dawa yake ni kufuta mazingira yasiyotumika, au kuzifunga faili hizo ndogo katika faili moja ya jalada au ya kontena.

Hatua ya pili ni viwango vya kikomo. Mwaka 1983, toleo la 4.2 la mfumo wa BSD Unix lilitoka likiwa na utaratibu wa kwota uliobuniwa na Robert Elz wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, na muundo wake bado ndio unaofuatwa katika Linux. Una vikomo viwili. Kikomo cha onyo kinaweza kuvukwa kwa muda. Kikomo cha mwisho hakivukwi kabisa. Anayevuka kikomo cha onyo huanza kuhesabiwa muhula, ambao katika Linux ni siku 7 kama msimamizi hakuubadilisha. Muhula ukiisha kabla hajashuka, kikomo cha onyo nacho hugeuka kuwa cha mwisho, na hataweza kuongeza chochote mpaka apunguze. Busara ya mpango huu ni kwamba kazi nyingi za kisayansi hutumia nafasi kubwa kwa muda mfupi kisha huipunguza. Kikomo kimoja kigumu kingeziua kazi hizo bila sababu.

Hatua ya tatu ni namna hesabu inavyofanyika. Programu inapoomba bloku mpya, mfumo hutazama katika inodi ni nani mwenye faili, hulinganisha jumla yake na kikomo, kisha huongeza jumla hiyo au hukataa ombi. Jumla iko tayari muda wote, ndiyo maana amri ya quota hujibu papo hapo. Amri ya du, kinyume chake, huzunguka saraka uliyoitaja na kujumlisha faili mojamoja, kazi inayoweza kuchukua saa nzima. Majibu ya amri hizi mbili yakitofautiana, kwa kawaida sababu ni moja kati ya hizi: mtumiaji ana faili zake katika saraka ya mtu mwingine, ambako du haikutumwa, au amefuta faili ambayo programu yake bado imeifungua, na bloku zake haziachiliwi mpaka programu hiyo iifunge.

Hatua ya nne ni swali la nani anahesabiwa, na ndilo swali zito kuliko yote yaliyotangulia. Kwota inaweza kufungwa kwa mtumiaji, kwa kundi au kwa mradi. Ya mtumiaji hujumlisha faili zote zinazomilikiwa na mtu mmoja popote zilipo. Ya kundi hujumlisha faili zenye alama ya kundi fulani. Ya mradi hujumlisha kila kilichomo ndani ya saraka fulani, bila kujali nani alikiandika. Aina hii ya tatu imezoeleka kwa muda mrefu katika mfumo wa faili wa XFS, na mwaka 2016 iliingizwa pia kwenye ext4, mfumo mwingine wa faili wa Linux.

Tofauti kati ya aina hizo huonekana katika kitendo kidogo cha kila siku. Tuseme klasta inatumia kwota ya kundi. Mtafiti ana terabaiti mbili zenye alama ya kundi lake la zamani, na anataka zihesabiwe kwa kundi la mradi mpya. Anatumia amri ya mv kuzihamishia katika saraka ya mradi huo. Amri inamaliza kwa sekunde chache, faili zinaonekana mahali papya, lakini kwota ya zamani haishuki hata kwa baiti moja. Ndani ya mfumo uleule wa faili, mv hubadilisha jina na mahali tu. Inodi inabaki ileile na alama yake ya kundi ileile. Angetumia cp, zingeundwa inodi mpya, nazo, saraka ikiwa imewekwa hivyo, zingerithi alama ya kundi jipya. Au angebadilisha alama kwa amri ya chgrp. Kwota ya mradi huepusha mkanganyiko huu, kwa kuwa hesabu hufuata saraka. Mhamaji wa faili kati ya miradi miwili katika XFS hulazimishwa na mfumo kuzinakili upya.

Hatua ya tano inahusu hifadhi iliyotawanywa. Lustre haina diski moja. Ina seva nyingi, na faili moja kubwa inaweza kugawanywa juu ya kadhaa kati yake. Kama kila seva ingeuliza makao makuu kabla ya kuandika kila bloku, kasi yote ingepotea. Kwa hiyo seva moja hushika kikomo kamili cha mtumiaji, na kuzigawia seva nyingine mafungu ya kutumia zenyewe. Mtumiaji anapokaribia kikomo, mafungu hupunguzwa. Nodi nazo hushikilia data kwa muda mfupi kabla ya kuituma, hivyo inawezekana mtu akavuka kikomo kidogo kabla mfumo haujagundua. Kwota ya klasta kubwa, kwa maana hiyo, ni kipimo cha karibu sana chenye kiasi fulani cha kulegea, na msimamizi mwangalifu huacha nafasi ya ziada kwa ajili ya kulegea huko.

Sasa tuone jinsi NERSC inavyovitumia vipande hivi. Hifadhi imegawanywa katika maeneo, na kila eneo lina kanuni zake. Saraka ya nyumbani ni ndogo: gigabaiti 40 na inodi milioni moja kwa mtumiaji, kwa ajili ya programu anazoandika na mipangilio yake. Eneo la muda ndilo lenye kasi kubwa, Lustre iliyojengwa juu ya diski za flashi zenye jumla ya petabaiti 35, na kila mtumiaji ana kwota ya kawaida ya terabaiti 20. Humo faili isiyoguswa kwa wiki 8 hufutwa. Eneo la miradi lina kwota inayofungwa kwa mradi, na faili zake hazifutwi kwa umri. Mwisho kuna hifadhi ya kanda za sumaku, ya polepole, kwa data inayopaswa kudumu miaka.

Tufanye hesabu ya eneo la muda. NERSC ina watumiaji zaidi ya 7,000. Zidisha 7,000 kwa terabaiti 20, unapata terabaiti 140,000, yaani petabaiti 140. Diski yenyewe ni petabaiti 35. Kituo kimewaahidi watumiaji wake mara nne ya kile kilichopo, na kwa kuwa watumiaji ni zaidi ya idadi hiyo, uwiano halisi ni mkubwa zaidi. Ingetosha kila mmoja wao afikie robo tu ya kwota yake, terabaiti tano, diski ingejaa hata kama hakuna aliyevunja kanuni yoyote.

Je, huko ni kukosa uaminifu? Fikiria njia mbadala. Kituo kingemtengea kila mtu terabaiti tano na kuzilinda zisiguswe. Katika klasta karibu zote, watumiaji wengi hutumia kiasi kidogo sana, na wachache hutumia kiasi kikubwa sana. Mgao sawa uliolindwa ungeacha sehemu kubwa ya diski ikiwa tupu, huku mtafiti mwenye uigaji wa nyota au wa hali ya hewa akikosa pa kuandika. Kwota inayozidi uwezo inategemea ukweli kwamba wote hawajazi kwa pamoja. Jambo la kushika hapa ni kwamba kwota inaweka kikomo, na haimwekei mtu akiba. Kuwa na kwota ya terabaiti 20 kunamaanisha hutaruhusiwa kuzidi. Hakumaanishi terabaiti 20 zinakungoja.

Mpango huo husimama kwa sharti moja: data lazima iwe inaondoka. Na hapa ndipo diski inapoachana na prosesa. Anayepeleka mahindi kwenye mashine ya kusaga akishamaliza huondoka, na mashine iko huru kwa anayefuata. Lakini gunia aliloliweka katika ghala la ushirika hukaa palepale mpaka mtu aamue kulitoa. Muda wa prosesa hurudi wenyewe kazi inapoisha, kwa hiyo foleni na mgao wa saa vinatosha kuusimamia. Nafasi ya diski haijirudishi. Kila terabaiti iliyoandikwa inahitaji uamuzi wa baadaye wa kuifuta, na uamuzi huo hauna mtu anayelazimika kuufanya siku yoyote maalumu.

Uamuzi huo hukwepwa hata na watu waangalifu, na kazi ya jenomu inaonyesha kwa nini. Jenomu ya binadamu ina takriban herufi bilioni 3.1. Kuisoma kwa kina cha mara 30 ni kuandika herufi bilioni 93, na faili ya masomo, yaani vipande vya jenomu vilivyosomwa, huweka kando ya kila herufi alama moja ya ubora. Hiyo ni takriban gigabaiti 186 kabla ya kubanwa, bado hatujahesabu mistari ya utambulisho ya kila somo. Kisha masomo hupangwa juu ya jenomu rejea, na kutoa faili ya pili. Faili hiyo hupangwa kwa mfuatano, na kutoa ya tatu. Nakala zilizojirudia huwekewa alama, na kutoa ya nne. Faili nne zinabeba masomo yaleyale kwa sura tofauti. Mtafiti anahitaji ya kwanza, ambayo haiwezi kupatikana tena bila maabara, na ya mwisho, ambayo ndiyo ya kufanyia uchambuzi. Za katikati zinaweza kutengenezwa upya kwa muda wa prosesa tu. Lakini siku kazi inapoisha, akili ya mtafiti iko kwenye matokeo, na faili za katikati zinabaki.

Njia mojawapo ya kulazimisha uamuzi ni kufuta kwa umri, kama NERSC inavyofanya katika eneo la muda. Nguvu yake ni kwamba haimwombi mtu chochote. Udhaifu wake ni kwamba umri wa faili hausemi thamani yake. Data ghali isiyoguswa kwa miezi miwili hufutwa, na faili ya katikati iliyoguswa jana na programu ya kutafuta hubaki. Watumiaji nao hujifunza kuzigusa faili zao kwa amri ya touch ili zionekane changa, jambo ambalo vituo vingi hulikataza. Ufutaji unafaa mahali ambapo kila mtu ameelezwa tangu mwanzo kwamba kilichomo ni cha kupita.

Njia ya pili ni kukaza kwota mpaka watu wasafishe. Hii inafanya kazi kwa mtumiaji aliyepo, lakini haimfikii aliyeondoka. Mwanafunzi akihitimu, akaunti yake hufungwa, na terabaiti zake husalia zikiwa na alama ya mtu ambaye hakuna wa kumuuliza. Mwalimu wake hajui kipi ni muhimu, msimamizi hana mamlaka ya kufuta, na kwota yake, ambayo hawezi tena kuivuka kwa kuwa haandiki, haimsumbui yeyote. Kwota ya mtumiaji huzuia ongezeko. Kwa data iliyokwisha kuachwa haina la kufanya. Njia ya tatu, kununua diski zaidi, huahirisha hali hiyohiyo, kwa sababu nafasi mpya hujazwa kwa mazoea yaleyale.

Tukiziweka hatua hizi pamoja, hukumu inajitokeza. Kwota ya baiti na inodi hujibu vizuri swali la nani anaweza kumdhuru mwenzake leo. Haijibu swali la nani atafuta kesho, na kwa klasta ya pamoja swali hili la pili ndilo linaloamua kama diski itajaa. Kwa hiyo kwota kubwa haifai kufungwa kwa mtu. Ifungwe kwa mradi, kwa saraka, ikiwa na mkuu wa mradi anayetajwa kwa jina na tarehe ya mwisho iliyoandikwa siku ya kuomba. Saraka ya nyumbani ibaki ndogo kwa mtu binafsi, na eneo la muda liwe na kwota pana lakini lifutwe kwa umri bila upendeleo.

Tarehe hiyo ikikaribia, msimamizi ampelekee mkuu wa mradi orodha fupi: saraka kubwa zaidi, wenyewe ni akina nani, na zilisomwa mara ya mwisho lini. Mkuu achague moja kati ya matatu: kuongeza muda kwa maelezo, kuhamishia kwenye kanda, au kufuta. Asipojibu baada ya maonyo yaliyokubaliwa, data iende kwenye kanda na nafasi irudi kwa wengine. Utaratibu huu hauhitaji programu mpya. Kwota za mradi zimo tayari katika Linux na Lustre. Unachohitaji ni kituo kukubali kwamba kumgawia mtafiti nafasi bila kumpa siku ya kuihesabia ni kuwanyima watafiti watakaokuja baada yake, na watafiti hao ndio ambao klasta ya pamoja ilijengwa kuwahudumia sawa na waliopo.